Mpira ambao mashabiki hawaruhusiwi hata kukohoa: yaliyotupata Kitui

Wakuu, poleni na kazi.

Niko hapa Salama, barabara ya Mombasa, kwa kibanda changu cha matunda. Nimemaliza kuongea na wifi yangu kwa simu sasa hivi, na nimecheka mpaka mteja ameondoka na maembe yake bila kungoja change. Nikikaa na hii story peke yangu nitapasuka.

Kila kitu ni kweli. Mkidhani ni hekaya, nendeni Kanyangi mkaulize akina mama wa kanisa. Watakataa kujibu, lakini mtawaona vile wataangalia chini.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Musyoka. Ni mkulima huko Kanyangi, mzee wa kanisa, mtu mpole kabisa. Shida yake ni sauti. Akiita ng'ombe wake, wa jirani pia wanakuja.

Ana binti, Kavata, miaka kumi na nne. Aliugua akiwa mdogo sana, macho yote mawili yakaenda. Haoni hata mwanga.

Na babake ni mwoga juu yake, wacha tu. Mtoto akitoka jikoni kwenda kwa choo, Musyoka yuko nyuma: "Polepole! Jiwe hapo! Mbuzi mbele! Simama kwanza!" Kavata amekua akisikia hiyo sauti kutwa nzima, na redio angalau huwa inaisha betri.

Mimi na wifi yangu Mwikali tulimpigania mtoto mpaka akapelekwa special school, boarding ya watoto wasioona. Jina sitataja. Huko amejua kusoma braille, anafua nguo zake, anatembea na fimbo nyeupe bila kushikwa mkono. Na ameota mdomo, Bwana asifiwe. Zamani ukimuuliza kitu alikuwa anangoja babake ajibu.

Sasa term iliyopita akaja nyumbani half-term na kiwiko kimechubuka.

"Nilikuwa nazuia mpira," akasema, tena kwa raha.

Musyoka hakulala. Mtoto haoni, halafu kuna mwalimu anamrushia mpira? Asubuhi akatangaza kwa chai: term ikiisha, Kavata harudi tena. Atakaa nyumbani, mahali babake anamwona.

Nilikuwa hapo, nimeenda kuwasalimia. Kavata alilia hadi akamaliza. Halafu akapangusa uso akasema, "Baba, njoo unione nikicheza kwanza. Ukitoka hapo useme bado nikae nyumbani, nitakaa. Na sitalia."

Musyoka akakubali. Kwa hivyo mnaelewa, wakuu. Mtoto ameweka shule yake yote kwa mechi moja. Roho yangu ilikuwa inadunda kuliko ya mgombea siku ya kuhesabu kura.

Nikaona jambo kama hili haliwezi kuachiwa Mungu peke yake. Nikaongea na akina mama wa kanisa la Kanyangi.

Kama hujawahi kuona akina mama wa Ukambani wakijiandaa kushangilia mtoto wao, pole. Leso za rangi moja. Kayamba. Filimbi zile za harusi, kila mama na yake shingoni. Tulitunga wimbo wenye jina la Kavata, tukafanya mazoezi jioni mbili, na solo nilipewa mimi kwa sababu ya kifua. Pastor akatoa lori.

Hakuna hata mmoja aliuliza ni mpira gani. Tulijua ni mpira, na mpira ni mpira.

Tukafika. Kitu cha kwanza, hakuna uwanja. Tukaingizwa kwa hall, tukakalishwa kwa benchi. Nikaona sakafu imepigwa mistari ya tape na chini ya tape kuna kamba, ndio wachezaji waguse kwa mguu wajue wako wapi.

Mchezo unaitwa goalball. Watatu huku, watatu kule, wote wamefungwa macho, hata wale wanaona kidogo, ndio wawe sawa. Mpira una kengele ndani. Unabingirishwa sakafuni kwa nguvu, na upande ule mwingine wanajitupa chini kuuzuia na mwili.

Wanajua mpira uko wapi kwa kusikia kengele. Kwa masikio tu.

Mmeshaanza kuona mahali tunaelekea.

Timu yetu ikaingia, Kavata amevaa jezi namba tatu. Wacha tulipuke! Filimbi, kayamba, vigelegele, mimi nimeshasimama juu ya benchi na solo. Refa, dada mmoja mdogo wa mwili, akabaki ameduwaa katikati ya hall. Wale watoto wa timu ile nyingine walirudi nyuma mpaka ukutani.

Mwalimu wa games, Madam Ndunge, akaja mbio.

"Akina mama, tafadhali! Hapa hakuna kelele. Hawa wanasikiliza mpira."

"Mpaka saa ngapi?" nikauliza.

"Mpaka goli iingie. Hapo shangilieni. Halafu mnyamaze tena."

Tuliangaliana. Susu Kalondu, nyanya mkubwa kuliko wote kwa lori letu, akapita benchi kwa benchi akikusanya filimbi. Akazitia zote kwa kiondo, akakikalia.

Wakuu, kunyamaza ni kazi ngumu. Mama mmoja aliuma leso. Mwingine alishika kayamba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, isilie. Halafu kicheko kikaingia, kile cha kanisani, unajua ukicheka umekwisha na ndio kinakuja zaidi. Benchi nzima ilikuwa inatetemeka bila sauti.

Tulikuwa tumemsahau mtu mmoja.

Mpira wa kwanza ukatupwa, unakuja kwa Kavata. Na Musyoka, mzee wa kanisa, akaruka wima: "KAVATA! KUSHOTO! INAKUJA!"

Sasa, yeye na mtoto walikuwa wameelekeana. Kushoto kwake ni kulia kwa Kavata. Mtoto akatii babake, akajitupa kushoto. Mpira ukapita kulia, goli.

Refa akaja akamwambia kwa heshima, "Mzee, ukirudia tutakuomba utoke."

Musyoka akakaa. Jasho linamtoka. Mimi namfinya paja. Mpira wa pili ukatupwa, na wallahi naona bado alijaribu, niliona mdomo ukipigana naye. Mdomo ukashinda.

"JICHUNGE MAMA!"

Refa akapuliza, akasimamisha mchezo. Akaanza kuja upande wetu. Nikajua sasa babake anatolewa nje, haoni chochote, na uamuzi wake ni ule ule.

Kavata akainua mkono. Refa akasimama.

Mtoto akainua uso na kitambaa chake machoni, akauelekeza mahali tulikaa kabisa. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anaambia mwingine chakula kiko tayari.

"Baba, nyamaza. Naisikia."

Halafu akakumbuka adabu. "Tafadhali."

Mtoto wa Kikamba kuambia babake nyamaza mbele ya kanisa! Nikamwangalia Musyoka. Alivua kofia polepole, akajiziba nayo mdomo, akaishikilia kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Refa akarudi.

Na hapo ndipo nikasikia zile kengele vizuri kwa mara ya kwanza. Nilifunga macho nijaribu, na nikasikia mpira ukitoka kule, ukiongezeka, ukipinda. Nilipofungua, Kavata alikuwa ameshalala sakafuni urefu wake wote na mpira umegonga paja lake ukakwama. Akaamka, akatafuta kamba kwa mguu, akazunguka na mkono mzima akautupa.

Goli!

Susu Kalondu alitoka juu ya kile kiondo kama msichana. Kilichofuata sitaweza kueleza. Refa alitungoja tumalize, na nafikiri alizeeka kidogo.

Mtauliza tulishinda? Hatukushinda. Tulishindwa kwa goli moja, na kila mtu kwa ile hall alijua ni la nani.

Mechi ikiisha Kavata akaja kwetu na fimbo yake, peke yake. Kulikuwa na benchi limesahauliwa njiani. Nilimwona Musyoka akifungua mdomo. Halafu akaufunga. Fimbo ikagusa benchi, mtoto akalizunguka, akafika.

"Baba, umeamua?"

"Hiyo goli ya kwanza ilikuwa yangu," Musyoka akasema.

"Najua."

"Term ijayo nitakuja tena. Nitanyamaza."

"Usiahidi, Baba," Kavata akasema, na wote wawili wakaanza kucheka. Mimi nililia kama mtu amefiwa, sina aibu.

Somo langu ni hili, wenye watoto kama Kavata: wapelekeni shule, halafu mwende mkawaone huko. Ukikaa nyumbani utaendelea kumwona yule wa zamani tu.

EDIT: Kuna mtu ameuliza Mwikali aliniambia nini kwa simu. Nilisahau!

Shule zimefungwa, Kavata yuko nyumbani. Musyoka amechukua mpira mkuukuu, akautia kengele zote za mbuzi wake, akaushona na gunia. Kila jioni yuko uwanjani na binti yake, na yeye mwenyewe amejifunga leso machoni.

Mwikali anasema: "Mume wangu haoni, mbuzi ziko kwa mbaazi ya jirani, sikusikia hata zikiingia kwa sababu hazina kengele. Na nikiita, wote wawili wananiambia ninyamaze!"

Haya, nimeshusha mzigo. Semeni yenu. Na mwenye anajua mahali kengele za mbuzi zinauzwa, aniandikie haraka kabla jirani hajaenda kwa chief.