Kona ya Kushoto ya Kalibu

Juzi nilisimama nje ya gereji moja hapa mjini, nikingoja bampa ya gari letu izibwe ufa, harufu ya rezini, ile gundi yao ya maji, ikanipiga puani nikalazimika kutafuta pa kukaa. Fundi, kijana mpole, akaniuliza, "Mama, vipi, kizunguzungu?" Nikamwambia ni jua. Uongo mtupu. Harufu ile kali, tamu kidogo, inayokwaruza koo, naijua tangu nina miaka kumi, na kila nikiinusa nasikia na mafuta ya nazi ndani yake, hata kama hayapo. Leo nitawaambieni kwa nini, maana sijapata kumwambia mtu.

Baba yangu, fundi Athumani, alikuwa akiunda boti za mbao katika karakana moja upande wa Mnarani, zama zile daraja halijajengwa na watu wa Kilifi wakivuka kwa feri. Tulikaa humo humo uwanjani, nyumba ya vyumba viwili, mimi na Baba na Mama, na Mama alikuwa amebakisha mwezi mmoja ajifungue. Mwenye karakana alikuwa mzungu mzee, sote tukimwita Kapteni. Miaka ile ya themanini boti za mbao zilikuwa zimeanza kukosa wateja. Waliokuja pwani kuvua samaki wakubwa kwa starehe walitaka boti za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa rezini, nyepesi, zenye mbio, na Baba faiba hakuijua.

Siku moja Kapteni alikuja mpaka kibarazani kwetu, akakataa chai, akasema akiwa amesimama. "Athumani, mwenye boti ile nyeupe anataka kinga ya upepo, hapa mbele ya usukani. Boti ikikimbia, upepo unampiga sana usoni. Wewe ukiweza kutengeneza, utakaa. Ukishindwa, Ijumaa nitaita fundi wa Mombasa, na yeye lazima apate nyumba."

Nyumba ilikuwa moja tu, ile tuliyokaa sisi. Baba alijibu, "Nitaiweza, Kapteni." Mama alishika tumbo lake akaingia ndani.

Kwanza Baba aliunda kalibu, yaani umbo la mbao na plasta lenye uwazi kama wa bakuli, ambamo faiba ingelazwa, igande, kisha ing'olewe ikiwa na sura ile ile. Kinga ilitakiwa ipande kwa mbele, ijikunje pande zote mbili, ili upepo uruke juu ya kichwa cha nahodha. Siku tatu alipiga msasa. Hapo hakuwa na wasiwasi, kazi ya mbao hakuna wa kumfundisha.

Iliyobaki ilikuwa nta. Bila nta, faiba inaikamata kalibu wala haitoki tena. Kapteni alikuwa amemweleza: nta ipakwe mara saba, kila mara iachwe ikauke, isuguliwe kwa kitambaa mpaka ing'ae. Sasa zile kona mbili za pembeni zilikuwa nyembamba, tena za kina, na mkono wa Baba ulikuwa mnene, haufiki. Wangu ulifika.

"Mwanasha, kazi hii ni yako," aliniambia. "Mimi siigusi. Usiache hata mahali pa ukucha. Mkebe wa nta ni huu mmoja, na rezini iliyomo kwenye pipa ni ya mara moja tu. Umenisikia?"

Nilimsikia, lakini kichwa kilivimba. Niliona mimi ndiye fundi wa Mnarani nzima. Nilianza na ule uso mpana wa mbele, nikasugua, nikasugua, mpaka nikaiona sura yangu, na nilipoiona, lahaula, nikaongeza nta nijione vizuri zaidi. Kona ya kushoto niliiacha ya mwisho kila raundi, na tangu raundi ya tatu ikawa inapata makombo. Raundi ya saba nilikwangua mkebe kwa ukucha, haukutoa kitu.

Baba alikuwa amevuka feri kwenda kutafuta brashi. Ningeweza kumngoja nikamwambia. Badala yake niliwaza mkate wa sinia. Mama yangu alikuwa akipika mkate huo kila alfajiri, wa kuwauzia abiria wa feri, na kabla hajamimina unga wake alipaka sinia mafuta ya nazi, na mkate ukatoka mzima, mweupe, hauachi hata punje. Nikasema moyoni, kama mkate unatoka, faiba itagoma kwa nini? Nikaenda jikoni, nikaichukua chupa ya Mama, nikaipaka kona ile mpaka ikateleza, kisha nikairudisha chupa mahali pake. Baba aliporudi kona zote ziling'aa, akanishika kichwa akasema, "Mwanangu huyu!"

Alhamisi asubuhi alilaza faiba. Vumbi la nyuzi zake liliwasha kuliko upupu. Baba alijikuna huku akichanganya, Mama akamwapia kwamba kitandani kwake hatapanda mtu mpaka aoge mara tatu. Harufu ya rezini ilimeza harufu nyingine zote. Kufika adhuhuri kalibu ilikuwa na joto, dalili kwamba faiba inaganda, na Baba akaanza kupiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya Kapteni. Nami nilifurahi. Naapa niliamini kabisa kwamba nimeokoa kazi.

Ijumaa asubuhi tukaenda kuing'oa. Upande wa kulia uliachia wenyewe. Mbele ikanyanyuka, nyeupe, laini, mpaka Mama akapiga kigelegele kidogo. Kushoto ikakataa. Baba akapenyeza kabari za mbao, haikutoka. Akamwaga maji ya moto, haikutoka. Akagonga kwa nyundo aliyoifunga kitambaa, polepole, kisha si polepole. Jua lilikuwa limepanda na jasho linamchuruzika mpaka kwenye kikoi. Akapiga magoti, akaikumbatia kalibu kwa mikono miwili, nikamsikia akisema nayo. "Toka. Nakuomba, toka. Niko chini ya miguu yako." Sijawahi kumsikia Baba akimwomba mtu hivyo, seuze kitu.

Ikalia kwaa! Kona ilibaki ndani ya kalibu, na ufa ukakimbia mpaka katikati ya ule uso nilioujaza nta nikijitazama.

Mama alikaa chini pale pale mchangani na tumbo lake. Mimi nilitamani kufa. Baba aliingiza kidole katika kona iliyovunjika, ambako rezini ilikuwa bado inanata, akakinusa. Akatazama jikoni kwa Mama. Akanitazama mimi. Kisha akakifuta kile kidole kwenye kikoi. Nilidhani ametazama jikoni kutafuta maji ya kunawa.

Baada ya swala ya Ijumaa Kapteni akaja, akaitazama kinga, akavua kofia. "Nani alipaka nta?"

Nikajificha nyuma ya Mama.

"Mimi mwenyewe, Kapteni," Baba akasema. "Nilifanya haraka."

Mnajua nilisikia nini moyoni? Nafuu. Mungu anisamehe, nilisikia nafuu. Jioni Mama aliinyanyua chupa, akauliza nani kampunguzia mafuta yake, na Baba akajibu, "Nilijipaka magoti, yananiuma." Nikadhani kweli na yeye kajipaka, nikayashukuru magoti ya Baba.

Jumatatu tulivuka feri na vitanda vyetu, tukapata chumba kimoja Kibarani. Mdogo wangu alizaliwa humo. Baba alitengeneza vitanda na meza za watu mpaka uzeeni, boti hakuigusa tena, na akiulizwa alisema tu, "Bahati haikuwa yangu." Nami nilinyamaza. Nilijiambia, hajui, na akijua itamuumiza mara ya pili. Nikaibeba siri yangu mpaka siku tuliyomzika.

Sasa juzi, pale gereji, nilimuuliza yule kijana, kama mzaha, "Mtu akikosa nta, akapaka mafuta ya nazi?"

Akacheka. "Mama, hapo haitoki. Utaivunja. Na ukiivunja utanusa nazi waziwazi, utasema uko jikoni."

Utasema uko jikoni! Nilikaa pale juu ya tairi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikalia mbele ya watoto wa watu. Ndipo nikakumbuka kwamba Baba hakuwahi kujipaka mafuta ya nazi, harufu yake ilimtia kichefuchefu. Magoti yake yalianza kuuma Kibarani, baadaye sana. Kumbe miaka yote nikimficha, naye alikuwa akinificha kwamba anajua. Nilitaka siku moja nimwombe msamaha, nikawa nangoja nipate moyo, naye alishanisamehe pale pale, alipokifuta kile kidole.