Miaka Mia na Ishirini na Moja ya Babu Dominiki

Hili jambo nilikuwa nimeamua nisimsimulie mtu, ila kwa kuwa video yake bado inazunguka kwenye simu za watu, na baadhi yenu mmeicheka bila kujua kwamba yule wa shati jeusi mwenye karatasi mkononi ni mie, bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Babu yangu mzaa mama, mzee Dominiki, mchonga vinyago, alifariki hapa nyumbani kwetu Gongo la Mboto, na mama akanipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu (eti mie ndiye niliyesoma). Nikaandika kwamba kwao ni Newala, nikaandika watoto, wajukuu, nikaja kukwama penye umri. Kitambulisho chake hakikuonekana, na mama nilipomuuliza akasema tu, "Tangu mie nina akili yeye ni mzee." Sasa babu alikuwaga anatusimulia jinsi alivyobebeshwa mizigo ya Wajerumani wakati wa vita, mpaka anafunua bega atuonyeshe lilipochubuka, basi nikapiga hesabu zangu kuanzia hapo nikapata miaka mia na ishirini na moja. Ningeweza kumpigia kaka yake, Babu Ladislaus, aliyekuwa ndani ya basi anakuja kuzika, nikamuuliza, lakini nisiwafiche, ile namba ilinipendeza.

Nikampa fundi wa msalaba, akaiandika. Fundi akamwambia jirani, jirani akairusha kwenye grupu la mtaa, na asubuhi ya mazishi watu hata wasiomjua babu wamejaa chini ya maturubai, na jamaa mmoja wa televisheni ya mtandaoni amenishikia maiki usoni anauliza siri ya maisha marefu ya marehemu. Hapo nilipaswa kusema sijui. Nikasema babu alikula ming'oko, vile viazi pori vya kwao, na mihogo ya kuchemsha, na sukari hakuigusa maisha yake yote (babu huyu huyu aliyekuwa anatia vijiko vinne kwenye kikombe kimoja cha chai).

Babu Ladislaus alifika nikiwa nimeshasimama kusoma, maana basi liliwaharibikia njiani. Wakamkalisha mbele pamoja na mama, vumbi bado liko kwenye viatu. Nikasoma vizuri tu, na nilipotaja ile miaka watu wakaguna kwa heshima, ndipo mzee akainua mkono.

"Mjukuu wangu, hapo rudia."

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani masikio yamechoka.

"Huyo ni nani?"

"Babu Dominiki."

"Dominiki ni mdogo wangu," akasema, taratibu kabisa. "Nilimbeba mgongoni mie, mama akiwa shambani. Na mie mwenyewe nina themanini na sita."

Ningenyamaza pale yangeishia pale, lakini kamera ilikuwa inaniangalia, nikaona nijitetee. "Lakini babu, si alibeba mizigo ya Wajerumani?"

"Aliyebeba ni baba yetu. Dominiki alipenda kusimulia kama vile ni yeye."

Mtu mmoja huko nyuma akasema, "Basi mzee na wewe una mia na ishirini na tatu, hongera sana." Maturubai yote yakaangua kicheko. Katekista aliinamisha uso kwenye kitabu chake, mama akajifunika kanga, na Babu Ladislaus akawa anageuka huku na huku akitafuta wanachocheka.

Makaburini ilikuwa mbaya zaidi. Watu walimzunguka na simu wakitaka arudie umri wake, yule jamaa wa maiki akiwa mbele yao, mpaka wakati wa kutupia udongo ulipofika mzee akawa bado amezibwa huko nyuma. Alipofanikiwa kupenya, majembe yalikuwa yameshaanza kufukia. Alisafiri kutoka Newala kuja kumzika mdogo wake, na hakupata hata kutupa konzi moja ya udongo.

Tuliporudi nyumbani nilimfuata alipokaa, nikapiga magoti, nikamwambia babu nisamehe.

"Themanini na nne," akasema, "uliona ni kidogo?"

Kesho yake alfajiri aliondoka, na wiki iliyofuata nikaenda na brashi na rangi nyeupe kuifuta ile namba msalabani, nikiwa peke yangu, maana mama hakutaka kwenda na mie.

Nikimpigia simu Babu Ladislaus anapokea, namwamkia shikamoo anaitikia marahaba, anauliza hali ya mama, kisha simu anampa binti yake. Basi nimeapa: sitasimama tena mbele ya watu kumsemea mtu jambo nisilolijua, hata liwe zuri kiasi gani, wakati anayelijua yupo hai na namba yake ninayo.