Wali Mweupe Juu, Shayiri Chini

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, ukungu wa mashamba ya mpunga ya Gimje haujaondoka, na Pyo Geumrye ameshainamia karai la shayiri. Anachukua punje moja, anaibonyeza kwa kidole gumba, anaitafuna, kisha anatikisa kichwa. Bado.

Shayiri haitaki haraka. Huchemshwa peke yake kwanza mpaka ilegee, ndipo iingie sufuria moja na mchele. Ukivitia pamoja tangu mwanzo, mchele utageuka uji na shayiri itakulilia menoni kama changarawe.

"Mchele ni mtoto wa bondeni, amezoea kubembelezwa," anasema huku akijifuta jasho kwa mkono wa blauzi. "Huyu mwenzake ni wa milimani kama mimi. Lazima umtangulize."

Mama huyu wa miaka 62 ni mpishi wa wali katika kantini ya kiwanda kimoja cha vipuri vya matrekta. Supu ina watu wake, mboga zina watu wake, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu mwingine aliyegusa mwiko wa wali. Kila siku hupika kilo hamsini na tano kwa wafanyakazi mia tano, na mwisho wa mwezi hupokea won milioni mbili na laki mbili. Wafanyakazi wakisifu chakula yeye hujifanya hasikii, ila siku wasiposema lolote huuliza kuna nini.

Zamani sufuria zake zilikuwa za wali mweupe mtupu. Leo, katika kila kilo nne, moja ni shayiri. Na bakuli lake mwenyewe, ambalo miaka yote alilijaza mpaka wali ukafanya kilima juu ya ukingo, sasa linaishia katikati.

Mambo yalianza Februari, kwa daktari wa magoti. Geumrye ana urefu wa sentimita 152 na siku hiyo alikuwa na kilo 71. Sukari yake ilikuwa imepanda, hatua chache kabla ya kuitwa kisukari. Daktari alimwambia apunguze kilo nane kwanza, kisha ndipo wazungumze kama magoti yanahitaji kupasuliwa.

Kilo hazikumsumbua sana. Kilichomuuma ni mlima. Mama yake amezikwa juu ya kilima huko Jinan milimani, alikozaliwa Geumrye, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno watoto wa marehemu hupanda kwenda kufyeka nyasi za kaburi. Kwa miaka mitatu mfululizo Geumrye amebaki chini, ndani ya gari, akimenya mapea, huku mdogo wake Geumdong akipanda peke yake na mashine ya kufyekea.

"Mtu unasikia mashine inanguruma juu, kaburi la mama yako, na wewe umekaa na kisu cha matunda," anasema. "Niliona aibu hata mbele ya mapea."

Bintiye, Seolhui, anayefanya kazi ya ofisi Daejeon, alikuwa na dawa tayari. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha wali, mkate na tambi, akapungua mpaka nguo za arusi zikamtosha upya. Akampigia mama yake simu.

"Mama, wali ni sukari tu iliyovaa nguo nyeupe," alimwambia. "Uache kabisa. Mayai, nyama, majani, basi."

"Mimi ndiye mpishi wa wali, wewe."

"Upike. Nani kakwambia ule?"

Geumrye akaacha. Wiki ya tatu alikuwa amepoteza kilo nne, na Seolhui akamtumia picha za mikono inayopiga makofi. Lakini kazi ya wali ni ya kusimama kwa muda wa saa nane, kuinua magunia na kugeuza sufuria zinazotoa mvuke usoni. Asubuhi moja ya Machi, akiwa ndio kwanza anafunua sufuria ya pili, macho yakamjaa giza. Alijishikiza kwenye kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa kifuniko cha moto. Kovu lipo mpaka leo kwenye mkono wa kushoto, urefu wa kijiko.

Hilo watu waliliona. Lingine hawakuliona. Kila siku, baada ya wenzake kwenda kubadilisha nguo, Geumrye alikuwa akibaki na sufuria. Alikuwa akikwangua ukoko.

Mtu ambaye hajakulia kwenye jiko la kuni hawezi kujua ukoko una nguvu gani. Ulikuwa kitafunwa cha watoto, chai ya wazee ukitiwa maji ya moto, na harufu yake ndiyo iliyokuwa ikimwambia mtoto kwamba mama yuko jikoni. Geumrye alikula ukoko wa sufuria sita, amesimama, ameupa mlango mgongo. Kilo nne zikarudi, zikaja na ya tano.

Aliyemkamata ni Ok Narae, mtaalamu wa lishe wa kantini hiyo, binti wa miaka 29 ambaye kwa desturi ya jikoni wote humwita Mwalimu, hata wale waliomzidi mama yake umri. Wawili hao hawakuwa wakipatana. Narae alikuwa ameomba wali wa shayiri tangu mwaka wa kwanza, na Geumrye alikuwa amemjibu kila mara kwamba mashine ya kuoshea imejaa, au mvua inakuja, au sababu yoyote iliyokuwa karibu.

Alipomkuta na ukoko mdomoni, Narae alivuta kiti, akakaa, akaomba kipande.

Kisha akamweleza taratibu. Kwamba Seolhui hakudanganya, wapo watu wanaopungua kwa kuacha wanga na wakakaa vizuri. Lakini mwili unaobeba magunia unahitaji wanga wa kuuendesha, na ukiunyima kabisa utakwenda kuutafuta wenyewe, hata chini ya sufuria. Suala ni wanga gani na kiasi gani. Nusu bakuli, iwe ya shayiri yenye nyuzinyuzi, inayoshibisha kwa muda na kupandisha sukari polepole. Mboga ziliwe kwanza, kisha samaki au tofu ya soya, na wali uje mwisho, wakati tumbo limeshatulia.

Siku iliyofuata akampikia bakuli moja la mfano. Geumrye alilitazama, akalisukuma kando.

"Mwalimu, mimi nilitoka milimani nikiikimbia hiyo," alimwambia. "Usinirudishe."

Narae alidhani ni ukaidi. Akamuuliza, kwa upole lakini bila kumwachia njia, shayiri ilimkosea nini. Ndipo Geumrye, ambaye hakuwahi kumsimulia hata mumewe, alipomsimulia habari za bati lake la chakula la shuleni, kikasha cha mstatili chenye kifuniko.

Ilikuwa 1972, darasa la tatu. Wale wa rika lake wanaikumbuka miaka hiyo: mchele ulikuwa haba, serikali ikaagiza watu wachanganye shayiri, na kila mchana shuleni watoto waliweka mabati yao juu ya madawati, wakafunua, mwalimu akapita akikagua. Mtoto aliyekuja na wali mweupe mtupu alichapwa. Watoto wa wenye nacho walikuwa na ujanja wao. Mama zao waliwajazia wali mweupe, kisha wakatandaza shayiri kidogo juu, mwalimu akapita akiridhika.

Nyumbani kwa Geumrye mambo yalikuwa kinyume. Shayiri ndiyo ilikuwa chungu kizima. Konzi moja ya mchele iliwekwa pembeni mwa chungu kwa ajili ya babu, kwa kuwa mzee hali shayiri tupu, na mama yake alipopakua alichota kijiko kimoja kutoka kwenye pembe ile, akakitandaza juu ya shayiri ya binti yake. Kilikuwa chembamba kiasi cha kuona rangi ya chini, lakini mama alikisawazisha kwa mgongo wa kijiko mpaka bati likapendeza. Hakutaka mwanawe achekwe. Yeye mwenyewe alikula viazi.

Mwalimu wa darasa akafunua, akaona weupe. Rula tano viganjani.

Narae alimuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu achimbe.

"Akichimba, darasa zima linaona shayiri," Geumrye alijibu. "Na watoto wa tajiri mwenye kinu cha mchele walikaa nyuma yangu. Nikanyoosha mikono."

Siku ile aliporudi, mama yake alikuwa mlangoni mwa jiko, anajipangusa mikono, macho yanang'aa. Akamuuliza swali moja tu.

"Waliuona?"

"Waliuona, mama."

Kesho yake akatandaziwa tena. Akachapwa tena. Baada ya wiki mbili viganja vilimshinda, akatafuta njia yake. Kila asubuhi, akifika kwenye ukuta wa mawe nje kidogo ya kijiji, alichuchumaa, akafungua bati na kuukoroga ule wali kwa vijiti mpaka ukapotelea ndani ya shayiri. Mchana mwalimu alipita bila neno, naye alikula haraka, kifuniko amekikinga mbele ya bati. Jioni swali lilikuwa lile lile, na jibu lilikuwa lile lile. Alilitoa kwa miaka mitatu.

"Kila kijiko mama alikiiba kwa babu, mimi nakikoroga," anasema, na hapa anaacha kutazama sufuria. "Alikufa miaka kumi na moja iliyopita akiamini wali wake uliangaza darasani."

Narae, anasimulia Geumrye, hakumfariji. Alilivuta lile bakuli la mfano, akaligawa mara mbili, wakala. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililomliza. Baada ya miaka hamsini ulimi ulikuwa bado unalijua: ule utelezi wa punje, ule utamu unaokuja nyuma, na harufu ya moshi ambayo haikuwemo lakini aliisikia.

Wiki hiyo hiyo shayiri iliingia kwenye sufuria kubwa. Wanaume wa kuchomelea vyuma hawakuipokea kimya. Maeng Byeongdo, msimamizi wao, mtu wa kilo tisini, alisimama na sinia yake akaliangalia bakuli muda mrefu.

"Mama, nimefungwa kwa kosa gani?" aliuliza. Kila mtu nchini anajua chakula cha nafaka za kuchanganya kilikuwa cha mahabusu.

"Kosa la tumbo," Geumrye alimjibu. "Kula, utumikie kifungo chako."

Malalamiko mengine yalihusu upepo, kwani shayiri haikai kimya tumboni, na kwa mwezi mzima lifti ya kiwanda ilikuwa na historia ambayo gazeti haliwezi kuichapa. Siku hizi wamezoea. Maeng amepungua kilo tano na anadai ni kwa sababu ya mawazo.

Geumrye alishuka uzito polepole kuliko alivyoshuka kwa mayai, kilo moja au mbili kwa mwezi, na kuna mwezi hakushuka kabisa. Lakini hazijarudi. Asubuhi tuliyomtembelea, mwishoni mwa Agosti, mizani ya chumba cha wauguzi ilionyesha kilo 66. Sukari imeshuka. Daktari amesema upasuaji unaweza kusubiri, na amemruhusu kupanda kilima, mradi aende na fimbo na apumzike kila hatua hamsini. Kwa mazoezi anapanda ngazi za ghala la mchele mara nne kwa siku, huku wenzake wakimhesabia kwa sauti kama watoto.

Hata Seolhui amepiga simu. Hakuomba radhi, si desturi yake. Aliuliza tu shayiri huchemshwa dakika ngapi kabla ya kuchanganywa.

Jumapili ijayo ndiyo siku ya kufyeka. Geumrye ameshanunua mabati mawili ya chakula ya zamani, ya aina ile ile ya mstatili, kwa mzee mmoja wa sokoni. Geumdong amemkatalia kwenye simu: mbele ya kaburi huwekwa wali mweupe, nani kawahi kuwapelekea wafu shayiri? Dada yake amemwacha aseme mpaka akachoka.

Sasa shayiri imelegea. Geumrye anaimwaga juu ya mchele, anasawazisha kwa mgongo wa mwiko, anafunika. Tunamuuliza atasema nini akifika juu.

"Nitamwambia sikuuonyesha wali wake. Niliukoroga, mama, kila siku, pale ukutani. Hilo kwanza." Anapunguza moto. "Kisha tutakula. Bati la shayiri ni langu. La kwake nitampikia mchele mtupu, na akitaka achimbe. Ni mweupe mpaka chini."