Kujifunza Simu kwenye Debe la Shangazi

Mimi nilikuwa na mkono mbaya. Siyo mkono wa kuiba wala wa kupiga watu. Mkono wa simu. Katika tawi zima la reli yetu, kuanzia Mpanda mpaka kule inakoungana na reli kubwa, hapakuwa na karani asiyejua kwamba Mpanda yuko mwanafunzi ambaye akishika simu, hakuna anayeelewa anasema nini. Hawajaniona hata siku moja, lakini jina la utani walishanipa: Kuku. Walisema napiga simu kama kuku anayeparua majivu.

Ubaya zaidi ni kwamba waliyokuwa wakinisema niliyasikia yote. Kusikiliza nilijua. Nilikuwa naweza kukaa na penseli nikaandika kila herufi inayoingia, na mwalimu wangu akasoma asikute kosa. Kwa hiyo nikitukanwa, nilijiandikia matusi yangu mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Kujibu ndiyo sikuweza.

Kwa asiyeijua simu hii, si ile ya kuongea kwa mdomo. Ni kichuma cha shaba kilichofungwa juu ya meza. Unakibonyeza na kukiachia, na kule mbali, kwenye stesheni nyingine, mlio unatoka. Mlio mfupi na mlio mrefu, hakuna wa tatu. Kila herufi ina fupi zake na ndefu zake, na karani aliyezoea huzisikiliza huku akiandika kama mtu anayesomewa barua. Wewe unayepiga husikii ule mlio. Unasikia tu chuma kikigonga chuma: ka, ka, ka.

Nilikuja Mpanda kutoka Kasansa kwa lori la mpunga, nimemaliza darasa la nne, kwa shangazi yangu anayekaa karibu na stesheni. Nilikuja kutembea tu. Siku ya pili nikaenda kuangalia treni, kama kila mgeni anavyofanya. Treni haikuwepo. Karani wa simu alikuwa amekaa dirishani, kofia kichwani, anasikiliza milio, halafu akawaambia wanawake waliokuwa wamekaa na vikapu vya migebuka, samaki wakavu wa ziwani: "Rudini nyumbani mkapike. Injini imeharibika porini, haifiki mpaka saa kumi." Na kweli, saa kumi ikafika. Nikasema moyoni, huyu mtu anajua mambo kabla hayajafika, na mimi nataka kuwa hivyo. Nilijiona kabisa nimevaa kofia ile. Mpaka leo sijui nilikuwa napenda simu zaidi au kofia.

Shangazi akavaa nguo yake ya kanisani akaenda mwenyewe kwa bwana stesheni kuniombea. Alirudi anacheka. Nitafundishwa miezi mitatu, halafu mkaguzi atakuja kunipima. Nitatuma maneno kwenda stesheni ya pili, na karani wa kule akiomba nirudie mara tatu, basi nimeshindwa, nafasi anapewa mwingine. Baba yangu kule Kasansa alituma salamu kwamba ananipa msimu huo mmoja tu. Nikishindwa, ng'ombe wananingoja, na fimbo yangu ameiweka pale pale nilipoiacha.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Kile kichuma cha stesheni kilikuwa na kazi yake, na mimi niliruhusiwa nusu saa tu kwa siku, asubuhi, njia ikiwa kimya. Nusu saa haimfundishi mtu kitu. Ndipo nikachukua debe tupu la mafuta ya taa la shangazi, nikaligeuza kichwa chini uani, na mpini wa kijiko ukawa mkono wangu wa simu. Nilipiga asubuhi, mchana na jioni. Nilipiga majina ya ndugu zangu wote. Nilipiga sala. Nilipiga "treni imefika" mpaka kuku wa kweli wa shangazi wakazoea kulala karibu yangu.

Jirani mmoja alichungulia akauliza, "Mama, kuna ngoma gani humu kila siku? Mwali anachezwa?"

"Hakuna mwali," shangazi akasema. "Ni baba yangu huyu, anaongea na watu wa mbali." Mimi aliniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Na hao watu wanamjibu?"

"Watamjibu."

Kwenye debe nilikuwa hodari, sisemi kwa kujisifu. Fupi ilitoka fupi, ndefu ikatoka ndefu, herufi zikafuatana vizuri hadi nikajiona nimefuzu. Asubuhi yake nakwenda stesheni, nakaa, nabonyeza kichuma, na kule karani wa stesheni ya pili ananijibu: rudia. Narudia. Rudia. Narudia polepole. Kisha analeta kwa Kiswahili, maana maneno ya kazi yalikuwa ya Kizungu lakini utani ulikwenda kwa Kiswahili: "Mfukuzeni kuku mezani."

Mwalimu wangu, yule karani wa kofia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi nyingi na subira kidogo.

"Wanasema ndefu zako hazitoki," aliniambia bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Nazitoa, karani."

"Hazitoki. Zitoe."

Nikabonyeza kwa nguvu zaidi.

"Bado. Anasema bado."

Nikakishindilia kile kichuma mpaka wino ukatikisika.

"Wewe! Unatwanga mahindi hapo? Hiyo ni meza ya serikali!"

Nikalegeza mkono, ikawa mbaya zaidi. Nikamwuliza sasa nifanyeje. Akaniuliza kama nimesoma kitabu. Nikasema nimesoma. Akasema kasome tena. Kile kitabu kilikuwa cha Kizungu, na mimi Kizungu changu kilikuwa cha "habari za asubuhi" na "leta maji". Nilichoelewa humo ni zile picha za nukta na mistari, na hizo nilizijua hata usingizini.

Nikaenda kuomba msaada posta. Karani wa posta naye alikuwa na simu yake, na watu walimsifu kwamba ana mkono laini. Nilingoja mpaka watu wa barua wamekwisha. Nikamwamkia vizuri, nikamweleza: bwana, napiga sawasawa lakini kule haisikiki.

"Unatumia kiganja au kiwiko?" akauliza.

"Kiganja."

"Ndiyo hilo. Tumia kiwiko."

Kesho yake nikatumia kiwiko. Mwalimu wangu akaniona. "Nani kakufundisha kupiga simu kama mtu anayekanda chapati? Tumia kiganja!"

Nikarudi posta. Karani akanitazama kama mtu aliyemletea barua isiyo na stempu. "Wewe tena? Swali hilo si nilikujibu?"

"Ulinijibu, bwana. Haikusaidia."

"Basi ni chuma chenu. Kina skrubu ya kukaza. Ilegeze."

Nikailegeza. Mwalimu alipokuja kutumia simu, kichuma kikamponyoka katikati ya habari za treni, na siku hiyo niliyasikia ya kusikia. Alinikataza kugusa simu siku nne. Siku nne, na mkaguzi amebakiza majuma mawili.

Nilikaa nyuma ya ghala la stesheni nikalia kidogo. Sioni aibu kusema, mimi machozi yangu yako karibu. Kilichoniuma hakikuwa kufukuzwa mezani. Ni kwamba kila niliyemwuliza alinijibu haraka, na kila jibu lilikuwa jibu la mtu anayejua, lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia: hebu piga nikuone. Au ulijifunzaje? Au nyumbani unapigia wapi? Mwalimu alitazama karatasi, wa posta alitazama saa, na yule wa stesheni ya pili hakuwa na macho ya kufika Mpanda. Na mimi mwenyewe sikujua cha kuwaeleza, kwa sababu mtu asiyejua tatizo lake hawezi hata kuliuliza vizuri. Nilikuwa kama mtu anayemwambia mganga "naumwa" akanyamaza hapo.

Zile siku nne nilizimalizia kwenye debe. Nikapiga mpaka kijiko kikapinda. Herufi zilitoka vizuri vilevile, na hilo lilizidi kunikasirisha. Nyumbani fundi, stesheni kuku.

Jumanne ya juma la mkaguzi nikarudi kutoka stesheni, nimeambiwa "rudia" mara tano, nakuta debe halipo uani.

"Shangazi, debe langu liko wapi?"

"Debe lako?" Alikuwa anapepeta. "Debe langu nimelitia mahindi. Yameletwa leo kutoka Kasekese, na panya wa nyumba hii unawajua. Liko ndani."

"Alhamisi napimwa!"

"Basi lipige hukohuko ndani. Nani kakukataza?"

Nikaingia nimevimba. Debe lilikuwa limesimama pembeni, limejaa mpaka mdomoni, ubao umewekwa juu. Nikachuchumaa, nikachukua kijiko changu kilichopinda, nikaligonga ubavuni kuanza na "treni imefika".

Tu. Tu. Tu. Tu.

Nikaacha. Nikagonga tena. Fupi ikasema tu. Ndefu ikasema tu. Nikagonga ndefu kwa nguvu zangu zote, ikasema tu kubwa, lakini fupi vilevile.

Nikalitazama lile debe kama unavyomtazama mtu aliyekufumania. Nikatoka nje, nikachukua ndoo tupu, nikaigeuza, nikagonga. Taratibu: nga. Kwa nguvu: ngaaaa. Mkono wangu ulikuwa unapanda palepale, upesi uleule, nguvu tu ndiyo imezidi. Ile "aaaa" haikuwa yangu. Ilikuwa ya bati.

Miezi mitatu, jamani! Miezi mitatu debe tupu lilikuwa linanirefushia ndefu zangu, na mimi nasifu mkono wangu. Kwenye kichuma cha stesheni hakuna bati la kuvuma. Pale ndefu ni kubonyeza na kushikilia, ukahesabu kidogo, ndipo uachie. Nilijua kichwani tangu siku ya kwanza, lakini mkono ulikuwa umejifunza kingine, na kila walipolia kwamba ndefu hazitoki, mimi niliongeza nguvu. Ukiwauliza wao, watasema walinieleza. Ni kweli, walinieleza.

Nilimwita shangazi aje aone. Nikamgongea ndoo, nikamgongea debe la mahindi. Akasikiliza kwa makini sana.

"Hili la mahindi lina sauti mbaya," akasema.

"Ndiyo zuri, shangazi! Hili halidanganyi!"

"Baba," akasema polepole, "umekula leo?"

Zilibaki siku mbili tu za kuusahaulisha mkono kazi ya siku tisini. Niliacha kijiko. Nikabonyeza kidole gumba cha mguu wangu mwenyewe, nikishikilia ndefu huku nahesabu: moja, mbili, tatu, achia. Ilikuwa polepole ajabu. Kila nilipojisahau kidogo, mkono ulirudi kwenye kushindilia, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi la zamani.

Alhamisi mkaguzi alishuka kwenye treni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakutaka hata maji. Alikaa kiti cha nyuma yangu, akanipa karatasi yenye mistari mitatu ya habari za mabehewa. Mwalimu alisimama mlangoni na kofia yake. Dirishani niliona nguo ya kanisani ya shangazi.

Nikaanza. Hofu ikanishika, na mkono ukafanya ulichozoea. Ka! Ka! Ka!

Rudia, kule wakasema.

"Moja," mkaguzi akasema.

Nikaanza tena, najiambia shikilia, shikilia. Neno la kwanza lilikwenda. Neno la pili jasho likaniingia jichoni, nikashindilia.

Rudia.

"Mbili."

Nikaondoa mkono mezani. Nikaufuta kwenye kaptula. Nikalifikiria lile debe la mahindi, jinsi lisivyotaka kunisaidia hata kidogo, na jinsi nilivyolipenda kwa hilo. Nikarudisha kidole juu ya kichuma kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Moja, mbili, tatu, achia. Mkaguzi alikohoa. Mwalimu alihama mguu huu kwenda mguu ule. Nilituma mistari mitatu kwa muda ambao mwingine angetuma barua ya posa yenye majibu yake. Kule kimya. Kimya kabisa, mpaka nikaanza kumwona baba na ile fimbo.

Halafu milio ikaingia, nami nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri. Habari za mabehewa zote, zimerudishwa neno kwa neno, hakuna kosa.

Mkaguzi aliisoma karatasi, akaniangalia. "Unasomeka," akasema. "Lakini kwa mwendo huu treni itafika kabla ya habari zake. Miezi mitatu mingine. Ukiwa hivi hivi, unaondoka." Akasimama kwenda kutafuta hayo maji sasa.

Miezi mitatu mingine! Sikujua nicheke au nirudi nyuma ya ghala. Sikufaulu, sikushindwa, na kofia bado ilikuwa kichwani mwa mwingine. Kabla sijainuka, kile chombo kikaanza tena. Yule wa stesheni ya pili, kwa Kiswahili, nami nikaandika:

"Karibu, karani mpya. Una mkono wa kizee lakini unaeleweka. Yule kuku mmemfukuza?"

Mwalimu alisoma juu ya bega langu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Haya," akasema, "mjibu."

Nikakaa vizuri. Nikabonyeza, nikashikilia, nikahesabu, nikaachia, herufi moja moja, mpaka zikaisha: "Kuku ni mimi."