Bwawa Nililolilisha Samadi

Shuleni kwetu misheni, huku Matombo, kila mwanafunzi ana zamu yake. Mwaka jana nilipangiwa samadi: vikapu sita kila asubuhi, kutoka zizi la mbuzi bondeni mpaka kwenye kabichi za padri wetu Mjerumani, juu mlimani. Katikati ya njia lipo bwawa la perege wa Pasaka. Sasa mtu mwenye akili, mavi ya mbuzi yako kichwani na mlima uko mbele, afanye nini? Nikawamwagia samaki. Tena nilijiona mkarimu.

Haikupita muda, bwawa likawa kijani kama mlenda. Utando ukazidi kuwa mzito, na alfajiri perege wakawa wanatoa midomo juu, wanahema kama mimi kwenye hesabu.

Padri akaapa kumrudisha kwao mwenye kosa. Mimi nataka niwe karani bomani Morogoro. Mjomba alikwisha niahidi: "Ukifukuzwa, utateremsha ndizi zangu mpaka uote mvi."

Mpishi wa misheni, ambaye dirisha la jiko lake linatazama bwawani, ni mzee wa ukoo ulio watani wa ukoo wetu. Akaweka vyungu viwili vya maji juani, kimoja akakitia konzi ya samadi. Baada ya siku kadhaa kile cha samadi kikawa kijani. Kile kingine kikabaki safi. Akamwita padri mbele yetu sote.

"Umeona, Bwana Padri? Maji yamelishwa. Na aliyeyalisha ni huyu mtani wangu, mvivu, kichwa kama boga!"

Padri akacheka! Kila siku anamsikia mzee akiniita fisi, mwizi, mchawi. Na hili akadhani ni utani. Akaenda zake.

Mzee akaninong'oneza, "Leo nimesema nikicheka. Kesho nitasema bila kucheka. Chukua kikapu."

"Shikamoo, babu," nikasema, kwa adabu ambayo mama yangu hajawahi kuiona.

Nikauzoa utando wote, unanichuruzika shingoni, mpaka kwenye kabichi. Mlima uleule, mzigo mara mbili! Kisha nikafungulia bwawa maji ya kijito. Likatakata, na perege wakaiona Pasaka. Sisi tukawaona sahanini, wanene.

Kabichi nazo zikavimba. Padri akasimama katikati yake, akauliza siri ni nini.

"Muulize mtani wangu," mzee akasema.

"Ni sala, Bwana Padri," nikajibu.

Mzee alicheka mpaka akakalia kabichi. Nami bado nipo shuleni, na zamu yangu ni ileile.