Kapteni wa Jumapili Alasiri

Enzi zetu, televisheni moja ilitosha kijiji kizima. Yetu, kule juu ya Nkubu, ilikuwa ya karani wa kiwanda cha kahawa, tuliyemwita Baba Gitonga. Ilikaa ndani ya kabati lake la mbao lenye milango miwili na kufuli, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma ambacho mtoto hakuruhusiwa hata kukigusa. Stima haikuwa imefika kwetu. Televisheni iliendeshwa kwa betri ya gari, na betri ilipochoka picha ilijikunja kutoka pembeni hadi ikabaki kidirisha, nasi tukazidi kusogea mbele mpaka Mama Gitonga atuulize kama tunataka kuingia kwenye kioo. Antena ilikuwa juu ya mlingoti kando ya miti ya kahawa. Tulipokezana kutoka nje kwenda kuuzungusha, huku walio ndani wakipiga kelele: "Hapo! Hapo! Aa, umepitisha!"

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri. Tukitoka kanisani tulikula githeri harakaharaka, tukavua nguo nzuri, tukateremka mbio na mifuko imejaa matunda damu. Mlangoni kwa Baba Gitonga palikuwa na beseni la maji. Hukunawa miguu, huingii. Tuliketi kwenye sakafu ya simiti tukiwa tumebanana, tukinuka moshi na mafuta ya kujipaka, na hakuna aliyenyanyuka hata mkojo ukimbana. Watoto wa leo video ikikawia sekunde tatu kufunguka wanashika kichwa kama waliofiwa. Sisi tulingoja wiki nzima, na ikiisha tunangoja tena Baba Gitonga akumbuke funguo ameziweka wapi.

Mchezo tulioupenda ulikuwa wa Wazungu, wa zamani hata kwa wakati ule, wa rangi nyeusi na nyeupe, wa watu waliosafiri angani wakapotea. Sisi tuliuita Chombo tu. Chombo chao kilikuwa kimeanguka kwenye nchi ya mawe matupu, na kila Jumapili watu watano waliokuwamo walihangaika kutafuta njia ya kurudi duniani. Mkubwa wao alikuwa Kapteni, mtu mrefu, mashavu yamebonyea, sauti nzito. Mimi niliona anafanana na baba yangu. Nilimwambia kaka yangu Mutuma, naye hakunicheka, ingawa baba yetu hakuwa Mzungu na hakuwa amewahi kupanda hata ndege.

Siku za wiki tulicheza Chombo. Vigogo vya migomba vilikuwa roketi. Binamu yetu Kirimi alivaa sufuria ya Mama kichwani ili apumue vizuri angani, ikakwama, akapakwa mafuta ya kupikia mpaka ikachomoka na ngozi ya sikio, kisha akachapwa kwa sababu mafuta yalikuwa ya kupikia wageni.

Mutuma alikuwa darasa la saba, wa kwanza kwa Kiingereza shule nzima. Wengi wetu, na wazazi wetu karibu wote, Kiingereza tulikisikia kama maji yanayopita kwenye mawe. Kwa hiyo Baba Gitonga, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye risiti za kahawa, alimsimamisha kando ya kabati atutafsirie kwa Kimeru. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Kapteni alimpa sauti ya baba mwenye nyumba, na mwanamke aliyeshughulikia mitambo ya chombo alimpa sauti ya mwalimu wetu wa kushona. Watu wazima walikuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha.

Muhula ule Baba alikuwa amelazwa. Kifua. Hospitali ilikuwa mbali, safari ya kutwa, na watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo Mama ndiye aliyekwenda kila Jumatatu na kutuletea salamu zake. Mama Gitonga alimhurumia akawa anamwita Jumapili aje apumzishe mawazo. Mama alipewa kigoda karibu na mlango, mdogo wetu wa mwisho akiwa mapajani, na mara nyingi alitazama nje kuliko ndani.

Jumapili ya nne ya Chombo, Kapteni alishikwa na vumbi la nchi ile. Alianza kukohoa. Nakumbuka namna chumba kilivyonyamaza, kwa sababu kikohozi kile sote tulikijua, kilikuwa kimetoka nyumbani kwetu. Alilala, wenzake wakamzunguka, midomo ikawa inatembea polepole. Mutuma hakutafsiri.

"Amesemaje huyo?" Mama akauliza kutoka mlangoni.

Mutuma aligeuka akamtazama. "Anasema wamwache alale," akajibu. "Amepewa dawa. Atapona."

Jumapili zilizofuata Kapteni hakuonekana sana. Tulisikia sauti yake ikitoka kwenye mashine fulani, wenzake wakiisikiliza wameinamisha vichwa. Mutuma alitueleza kwamba yuko chumba cha ndani, anatoa amri kwa waya, bado ana uchovu kidogo. Tuliamini. Kisha Jumapili moja akatangaza, tena kwa sauti kubwa, kwamba Kapteni amepona kabisa. Tulipiga makofi. Mama alicheka, na nilikuwa sijaona meno yake kwa muda mrefu.

Tukipanda kurudi nyumbani alisema, "Kama yule amepona bila hata mke wa kumpikia uji, baba yenu atashindwaje?" Kisha akasema maharagwe yamekauka, yanapasukia shambani. Angeyavuna kwanza. Hospitali angekwenda Ijumaa badala ya kesho.

Baba alifariki Jumatano.

Chombo kiliisha Jumapili iliyofuata mazishi. Mama alitutuma twende, nadhani ili tuwapishe waombolezaji. Kwenye ile sehemu ya mwisho chombo kilifika duniani, milango ikafunguka, na mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri getini akakabidhiwa kofia ya Kapteni. Mutuma alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote. Alisema Kapteni yuko nyuma anashusha mizigo, ametanguliza kofia. Watu walifurahi. Mimi nilitoka nje nikalia kati ya miti ya kahawa, na Mutuma aliponifuata nilimng'ata mkono. Nilikuwa na miaka minane. Sikuelewa kwa nini Kapteni amerudishwa kwa watu wake na Baba hakurudishwa. Nikaapa kwamba sitaki kuona Chombo tena maisha yangu yote, na kwa miaka zaidi ya arobaini sikukiona.

Mwaka huu, Jumamosi moja ya mvua, binti yangu Makena alikuwa nyumbani kwangu Embu mjini. Nilikuwa nimempigia hadithi ya sufuria ya Kirimi. Akachukua simu, akatafuta, na kabla chai haijapoa akasema, "Mum, ni hii?" Ilikuwa yenyewe. Akaiunganisha na televisheni, picha ikajaa ukuta.

"Hiyo roketi si ni debe tu!" Makena akacheka. "Na mliogopa?"

"Tuliogopa sana," nikamwambia.

Nilicheka naye sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mawe yalikuwa maboksi. Mlima ulitikisika mtu alipouegemea. Halafu ikaja ya nne. Kapteni akalala, wenzake wakamzunguka, na yule mwanamke wa mitambo akasema kwa Kiingereza chepesi, ambacho hata mtoto wa darasa la nne wa siku hizi angekielewa, kwamba Kapteni amekufa na wamzike kabla jua halijazama. Nilimwambia Makena arudishe nyuma. Akarudisha. Amekufa. Ile sauti ya mashine ya baadaye ilikuwa maneno aliyoyaacha amerekodi. Kofia alikuwa amekabidhiwa mjane wake.

"Mum, kwani hukujua?" Makena akaniuliza.

Mutuma siku hizi anaishi Gachoka, kwao mke wake. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na hatujawahi kujua kwa nini mtu wa kwanza kwa Kiingereza alikataa kukifundisha. Anafuga mbuzi na kupanda ndengu kwenye udongo ule mwekundu wenye joto. Nilikwenda wiki iliyofuata. Nilimkuta barazani anapepeta ndengu kwenye ungo, kofia ya jua kichwani, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Baada ya chai nikamwambia nimekitazama Chombo.

Ungo ulisimama.

"Ukafika ya ngapi?"

"Zote."

Aliusawazisha ungo magotini. Kisha akasema, bila kunitazama, "Niligeuka nikamwona Mama na mtoto mapajani. Nikashindwa. Nikasema nitamwambia tukifika nyumbani kwamba ni mchezo tu, mtu amekufa kwenye mchezo. Lakini alikuwa ameshapumua, Kananu. Ulimwona alivyopumua?"

"Nilimwona."

"Basi nikaendelea. Kila Jumapili nikawa siwezi kurudi nyuma. Mpaka nikamponya." Akachagua kijiwe kwenye ndengu, akakitupa. "Mama angekwenda Jumatatu. Angemkuta. Baba alimngoja Jumatatu yote na Jumanne yote. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka, ndiye aliyetuambia kwenye mazishi, hukusikia wewe, ulikuwa mdogo. Kwamba alikuwa anauliza kama gari limefika."

"Mutuma, ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto aliyejua Kiingereza."

Nilitaka kumwambia kwamba Mama angeweza kuchelewa hata bila Kapteni, maana maharagwe ni maharagwe, na mvua ilikuwa inakuja. Nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza hesabu aliyoirudia mara nyingi na kila mara jibu linakuja lilelile.

"Uliwahi kumwambia Mama?"

"Kila Krismasi nilipanga. Nikifika nyumbani namkuta amefurahi, amechinja kuku. Unaanzaje?"

Akaniuliza kama ninacho kile kitu kwenye simu. Sikutaka, lakini nikamfungulia. Tulitazama ya nne tukiwa tumeegemeana, kwa sababu kioo kilikuwa kidogo na jua lilikuwa kali. Yule mwanamke alipofungua mdomo, Mutuma aliyasema maneno yake kwa Kimeru, taratibu, kama yalivyo. Amekufa. Tumzike kabla jua halijazama. Mke wake aliyasikia akiwa jikoni, akatoa kichwa.

"Ni nani amekufa?"

"Ni mtu wa zamani," Mutuma akasema, akanirudishia simu, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilimalizia kupepeta zile ndengu peke yangu. Alipotoka alinisindikiza mpaka barabarani tukiongea habari za mbuzi. Tangu siku hiyo tunapigiana simu zaidi kuliko zamani. Siwezi kusema amepata nafuu. Anasema usingizi bado ni mgumu.

Nimefikiri sana kuhusu enzi zetu tangu nitoke Gachoka, na nimeacha kuzisifu ovyo kama tulivyozoea watu wa rika letu. Zilikuwa na njaa, vikohozi visivyotibiwa, na mtoto wa miaka kumi na mitatu kuachiwa mzigo wa watu wazima. Lakini habari mbaya wakati ule ilitembea kwa miguu. Ya Baba ililetwa na katekista. Aliomba maji, akayanywa yote, akamuuliza Mama kama watoto wamekula, akamwambia aketi, akaketi naye, na aliposema alilolijia alikuwa tayari amemshika mkono. Watoto wetu wanaona hayo ni kupoteza wakati. Wao wanajua kila kitu papo hapo, kila mmoja kwenye kioo chake, na sina hakika kama nawaonea wivu.

Mama alifariki mwaka juzi. Nilikuwa kwenye foleni ya supamaketi hapa Embu, mkate mkononi, simu ikatetemeka. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Shosho ametuacha," na picha ya mshumaa. Nilikuwa bado natazama ule mshumaa wakati watu wengine kumi na mmoja walikuwa wameshaandika pole, na msichana wa kaunta ananiambia, "Mathe, songa, ni wewe."