Moto wa Kuhamia Miyuji

Kila nikiwasha jiko la gesi, ile harufu kali ya kiberiti ikinipanda puani, namkumbuka bibi yangu mzaa baba. Wenzangu hukumbuka utoto kwa harufu ya ubuyu au mvua ya kwanza. Mimi, kiberiti. Nitawaambia kwa nini, ingawa hata mume wangu sijawahi kumwambia.

Nilikuwa darasa la sita, katika kijiji cha mwendo wa asubuhi nzima kutoka Miyuji, pembeni mwa mji wa Dodoma. Mwalimu wetu wa Historia alikuwa na ugonjwa wa kutoka nje ya somo, na siku moja alitoka mpaka akafika Roma. Warumi tuliowajua sisi ni wale wa kwenye Biblia, wenye mikuki na roho mbaya. Kumbe, alisema, hapo mwanzo walikuwa wafugaji na wakulima tu, wakikaa vilimani kwenye vibanda vya udongo na nyasi. Wenyewe walisimulia kwamba babu yao wa kale aliukimbia mji uliokuwa unateketea, amembeba baba yake mgongoni, na mzee amepakata miungu ya nyumbani kwao. Walipotulia wakawa na moto mmoja usiozimwa, ukilindwa na wasichana. Ukizimika, aliyezembea anachapwa viboko.

Jioni nikamhadithia bibi tukipepeta uwele. Kwetu nako moto wa mafigani haukuzimika. Usiku ulifukiwa majivuni, alfajiri ukaamshwa, na bibi aliupokea kwa mama mkwe wake. Alicheka mpaka akamwaga uwele.

"Kumbe hao Warumi wako nao ni watu!" akasema. "Mtu asiyehama na moto wa kwao hajahama, mjukuu wangu. Huyo kapotea tu."

Basi baba alipomaliza nyumba Miyuji na kumtaka bibi ahamie, bibi aligoma kama punda. Babu alikuwa amezikwa pale kijijini, nyuma ya zizi. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: moto utangulie. Na aubebe nani? "Wewe, Mrumi wangu," akaniambia, akanikabidhi kigae chenye makaa ya mgunga yaliyofunikwa majivu. Nilitembea nikiringa kama bibi harusi.

Karibu na Miyuji nikakuta wasichana wanacheza rede. Jamani, rede! Nikaweka kigae chini, nikasema raundi moja tu. Mnaujua upepo wa Dodoma. Niliporudi ulikuwa umepeperusha majivu yote, na makaa yalikuwa meusi. Nikapuliza mpaka machozi yakanitoka. Wapi!

Kwenye nyumba mpya fundi alikuwa amesahau kiberiti dirishani. Nikawasha vipande vya mbao, kisha nikatupia yale makaa juu, angalau uongo usiwe wote.

Kesho yake bibi akafika na baba. Hata maji hakunywa. Alipiga magoti mafigani akanyoosha viganja. "Umefika," akauambia moto. Nikainama, nikausogezea ukuni mwingine.

Miaka kumi baadaye akaugua. Baba alitaka kumrudisha kijijini, ili siku ikifika alale karibu na babu. Bibi akakataa katakata. "Moto wetu uko hapa," akasema. "Mzee wangu atanikuta hapa hapa." Nilikuwa mtu mzima, nimesimama mlangoni na bilauri ya maji. Neno moja lingetosha. Nilijiambia naogopa kumvunja moyo, lakini ilikuwa aibu tu. Tukamzika Miyuji. Babu yuko peke yake kule, nyuma ya zizi lililobomoka.

Utotoni nilidhani kosa langu lilikuwa rede, na rede mtoto husamehewa. Leo najua kwamba bibi alichagua pa kulala milele kwa kuniamini mimi, nami nikamwacha achague hivyo.

Wasichana wa Roma walichapwa. Mimi, siku ile ya kuhamia, bibi alinichinjia kuku. Akanipa firigisi, ambayo tangu babu afariki hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nikaila yote.